MENO YA BANDIA NA NGUVU ZA WAZEE WETU

Somo letu safari hii linahusu kinywa cha mzee na nguvu za mwili wake. Huenda mtu atauliza: meno na miguu vina uhusiano gani? Mtu hatembei kwa meno, wala hashiki jembe kwa meno. Ni kweli. Lakini miguu na mikono hupata nguvu kutoka kwenye misuli. Misuli hujengwa na chakula. Na chakula hupita kinywani. Mlango wa ghala ukiwa mbovu, ghala halijai.

Kila kijiji kina wazee waliopoteza meno. Wengi wao hatuwasikii wakilalamika. Tunaona tu kwamba wanapungua. Mwaka juzi mzee alikuwa akienda kisimani mwenyewe. Mwaka jana akaanza kushika fimbo. Mwaka huu anashikwa mkono hata akienda uani. Sisi tunasema, "Ni uzee tu huo." Mara nyingine ni uzee kweli. Lakini mara nyingine ni njaa iliyojificha. Tumbo la mzee limejaa uji, kumbe misuli yake ina njaa.

Someni somo hili pole pole. Kama mko katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mwisho wa somo kuna maswali na kazi ya kufanya.

MANENO YA KUJIFUNZA

Meno ya bandia: meno yaliyotengenezwa na fundi ili kushika nafasi ya meno yaliyotoka.

Fizi: nyama iliyozunguka meno kinywani.

Taya: mfupa unaoshika meno. Tuna taya la juu na taya la chini.

Misuli: nyama za mwili zinazotuwezesha kusimama, kutembea, kubeba na kushika.

Protini: kile kilichomo katika vyakula vya kujenga mwili, kama maharage, dagaa, mayai, maziwa na nyama.

Asilimia: sehemu katika mia. Asilimia 5 ni sehemu 5 katika kila 100.

1. MENO NI VYOMBO VYA KAZI

Mtu mzima aliyetimiza meno yote ana meno 32. Hebu tuyahesabu. Meno ya mbele ya kukatia ni 8. Chonge za kuchania ni 4. Magego madogo ni 8. Magego makubwa ya kusagia ni 12. Jumlisha: 8 + 4 + 8 + 12 = 32.

Kila jino lina kazi yake, kama vile nyumbani kuna kisu, kinu na jiwe la kusagia. Mtu akipoteza jino moja, kazi huendelea. Akipoteza magego mengi, jiwe la kusagia halipo tena. Wataalamu wa meno husema kwamba mtu mwenye meno 20 au zaidi yanayokutana vizuri, ya juu na ya chini, anaweza kutafuna vyakula vingi bila shida. Yakipungua chini ya hapo, taabu huanza.

Tatizo hili si la kijiji kimoja wala nchi moja. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba duniani kote, kati ya kila watu 100 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, watu kadiri ya 23 hawana hata jino moja.

Mzee asiye na meno ya kutosha hufanya nini? Huchagua. Nyama anaiacha, maana ni ngumu. Karanga anaziacha. Mahindi ya kuchoma na makande anayaacha. Dagaa wakavu wanamchoma fizi. Matunda magumu anayaacha. Anabaki na uji, chai, ugali laini wa kuteleza na mchuzi. Vyakula hivyo vingi ni vya kutia nguvu, yaani vya wanga. Vile vya kujenga mwili na vya kulinda mwili vimebaki kwenye sahani ya wengine.

2. MISULI YA MZEE INATAKA KUTUNZWA

Misuli ya binadamu haikai ilivyo siku zote. Kuanzia umri wa miaka 30 hivi, mtu hupoteza misuli kidogo kidogo. Wataalamu hukadiria kwamba kila baada ya miaka 10 hupungua kwa asilimia 3 hadi 8. Baada ya miaka 60, kupungua huko huenda mbio zaidi.

Hatuwezi kuzuia jambo hili kabisa. Lakini tunaweza kulipunguza mwendo kwa vitu viwili. Cha kwanza ni chakula chenye protini ya kutosha. Cha pili ni kuufanyisha mwili kazi. Kimoja bila kingine hakitoshi. Ukiwa na matofali bila fundi, nyumba haijengwi. Ukiwa na fundi bila matofali, nyumba haijengwi vilevile.

Watu wengi hudhani kwamba mzee anahitaji chakula kidogo tu, kwa sababu halimi tena. Ni kweli kwamba hahitaji wanga mwingi kama kijana anayelima. Lakini kwa upande wa protini, mzee anahitaji zaidi kidogo kuliko kijana kwa kila kilo ya mwili wake. Wataalamu wanashauri gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa siku kwa kila kilo moja ya uzito. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate kipimo hiki kabla ya kumwuliza daktari.

3. TUFANYE HESABU

Tuchukue mfano wa bibi mwenye uzito wa kilo 50. Kwa siku anahitaji angalau:

50 × 1 = gramu 50 za protini.

Sasa tuangalie bibi huyu anakula nini. Hana magego. Asubuhi anapewa uji wa mahindi, mchana uji, na jioni uji. Kila bakuli lina unga gramu 50. Unga wa mahindi gramu 50 una protini kadiri ya gramu 4. Kwa hiyo:

4 × 3 = gramu 12.

Anahitaji 50, anapata 12. Haifiki hata robo! Na bibi mwenyewe atakuambia ameshiba. Tumbo limeshiba maji na wanga.

Sasa tubadilishe chakula chake, lakini kibaki laini:

Uji wa unga gramu 50: gramu 4.
Maziwa glasi moja: gramu 8.
Yai moja: gramu 6.
Maharage yaliyoiva na kupondwa, kikombe kimoja: gramu 15.
Ugali laini wa unga gramu 150, mchana na jioni: gramu 12.
Unga wa dagaa vijiko viwili vikubwa ndani ya mboga: gramu 6.

Jumla: 4 + 8 + 6 + 15 + 12 + 6 = gramu 51.

Hesabu hizi ni za makadirio, maana vikombe na vijiko vyetu havilingani. Lakini zinatuonyesha jambo kubwa. Hakuna chakula hata kimoja hapo ambacho hakipatikani vijijini kwetu. Kinachotakiwa ni kujua na kuandaa.

4. MENO YA BANDIA YANATENGENEZWAJE?

Meno ya bandia ni ufundi wa zamani sana. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu la asili. Watu wengi husimulia kwamba alivaa meno ya mbao. Si kweli. Meno yake ya bandia yalitengenezwa kwa pembe ya kiboko, meno ya watu wengine na madini, yakashikwa kwa springi. Yalikuwa mazito na yalimsumbua sana. Basi hata rais alipata taabu ya kula.

Siku hizi meno mengi ya bandia hutengenezwa kwa plastiki ngumu iitwayo akriliki. Ni mepesi na yana rangi ya fizi na ya meno. Yako ya aina mbili. Aina ya kwanza ni seti kamili, kwa mtu asiye na jino kabisa. Aina ya pili ni ya kuziba mapengo, kwa mtu aliyebakiwa na meno yake kadhaa.

Kazi hii hufanywa na daktari wa meno pamoja na fundi sanifu wa meno. Haimalizwi kwa siku moja. Hatua zake ni hizi:

Kwanza, daktari hukagua kinywa. Mizizi mibovu ikibaki, huing'oa. Fizi huachwa zipone.

Pili, huchukua chapa ya fizi kwa kitu laini kama unga uliokandwa.

Tatu, hupima jinsi taya la juu na la chini yanavyokutana.

Nne, mgonjwa hujaribishwa meno kabla hayajamalizwa.

Tano, hupewa meno yake. Kisha hurudi ili yarekebishwe pale yanapobana.

Kwa hiyo familia ipange nauli ya safari kadhaa, siyo ya safari moja. Uliza kwanza kwenye zahanati au kituo cha afya: ni hospitali gani ya karibu inayotengeneza meno ya bandia? Bei ni kiasi gani? Je, mzee ana msamaha au bima, na inalipia sehemu gani? Uliza kabla ya kuuza kitu chochote.

Tahadhari! Usikubali fundi wa mtaani akubandike meno kwa gundi au akufunge kwa waya. Usinunue meno yaliyotumiwa na mtu mwingine. Kinywa cha kila mtu kina umbo lake, kama vile kila mguu una kiatu chake. Na tena, usikubali kung'olewa meno mazima eti ili upate seti nzuri. Hata meno mawili mazima yaliyobaki chini ni msaada mkubwa wa kushikilia meno ya bandia.

5. JE, MENO YA BANDIA HULETA NGUVU?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Watu wengi hufikiri hivi: mzee akipata meno, nguvu zitarudi zenyewe. Haiko hivyo.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba meno ya bandia si sawa na meno ya asili. Jino la asili lina mzizi ndani ya mfupa. Meno ya bandia yamekaa tu juu ya fizi. Nguvu ya kuuma ya mtu mwenye seti kamili ya meno ya bandia ni kama robo ya ile ya mwenye meno ya asili, na mara nyingine ni chini ya hapo. Kwa hiyo bado mzee atashindwa kutafuna nyama ngumu kama alivyofanya ujanani.

Jambo la pili linatokana na uchunguzi wa wataalamu. Wataalamu wa chuo kikuu kimoja cha London walichunguza habari za wazee wa Marekani wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Walitazama meno yao, chakula chao na nguvu zao za mkono. Waliona kwamba wale waliopoteza meno mengi walikuwa wakila vibaya zaidi, na udhaifu wa mwili ulikuwa mwingi kwao, hata kama walivaa meno ya bandia. Hii haina maana kwamba meno ya bandia ndiyo yaliyowadhoofisha. Mtu aliyepoteza meno mara nyingi ana mambo mengine pia, kama umaskini, maradhi au tumbaku. Lakini tunajifunza kwamba meno ya bandia peke yake hayatoshi.

Kwa nini hayatoshi? Jibu ni mazoea. Mzee amekaa miaka mitano au kumi bila meno. Amezoea uji. Watu wa nyumbani nao wamezoea kumpikia uji. Siku anapoletwa kutoka hospitali na meno mapya, jioni anawekewa nini? Uji uleule! Meno yamebadilika, sahani haikubadilika. Uchunguzi uliofanyika Uingereza na Japani ulionyesha kwamba wazee waliopewa meno ya bandia pamoja na mafundisho ya chakula walikula vizuri zaidi kuliko waliopewa meno peke yake.

Jembe likiegemezwa ukutani halilimi. Meno ya bandia ni jembe. Shamba lenyewe ni chakula chenye protini, pamoja na kazi ya mwili.

6. MAZUNGUMZO: MENO YA KWENYE KIKOPO

Tusome mazungumzo haya ya mfano kati ya mama mzee na binti yake aliyekuja kumtembelea.

Binti: Shikamoo mama.

Mama: Marahaba mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo?

Binti: Hawajambo, mama. Mbona nyama umeiacha yote?

Mama: Nimeshiba.

Binti: Umekula mchuzi tu. Na yale meno yako yako wapi?

Mama: Yapo, kwenye kikopo juu ya kabati.

Binti: Yanafanya nini kwenye kikopo?

Mama: Yananichubua hapa chini. Tangu wiki ya kwanza.

Binti: Mbona hukusema, mama?

Mama: Nitasemaje? Mmemuuza mbuzi kwa ajili yangu. Niliona aibu.

Binti: Mama, mbuzi amekwisha uzwa. Hasara itakuwa meno kukaa kwenye kikopo. Daktari alisema urudi kama yanaumiza. Kuyarekebisha ndiyo kazi yake. Keshokutwa twende wote. Lakini siku moja kabla ya kwenda, jikaze uyavae kidogo, ili aone mahali penyewe panapochubuka.

Mama: Kaka yako alitaka kuyakwangua kwa tupa.

Binti: Hapana, mama! Akikwangua pasipohusika yatalegea kabisa. Tumwachie mwenye ufundi wake. Na leo hii nyama nakupondea kwenye kinu.

Mama: Haya mwanangu. Mimi nilidhani ndivyo yalivyo.

Ndugu wasomaji, kina mama na kina baba wa namna hii ni wengi. Tusiwalaumu. Mzee anaogopa kuonekana mzigo. Sisi tulio nyumbani ndio tuulize. Tuangalie sahani yake baada ya kula. Sahani haisemi uongo.

7. KUJIFUNZA KUTAFUNA UPYA

Meno mapya huonekana makubwa kinywani. Mate hujaa. Maneno hukwama. Meno ya chini hucheza zaidi kuliko ya juu, kwa sababu ulimi huyasukuma. Yote haya ni ya kawaida katika wiki za mwanzo. Fuata njia hii:

(a) Anza na vyakula laini: ndizi za kupika, viazi vilivyopondwa, mayai, samaki asiye na miiba, maharage yaliyoiva sana.

(b) Kata vipande vidogo. Usiume kwa meno ya mbele, maana meno yatanyanyuka nyuma.

(c) Tafuna pande zote mbili kwa pamoja. Ukitafuna upande mmoja, meno hupinduka.

(d) Tafuna pole pole. Mzee asiharakishwe. Kama watoto wanakula haraka kwenye sinia, mzee awekewe sehemu yake pembeni, lakini akae pamoja na wengine. Mtu akila peke yake hula kidogo.

(e) Kuhusu maneno, soma kwa sauti kila siku. Chukua gazeti hili, soma ukurasa mmoja. Ulimi utazoea. Kisomo chako kitakusaidia mara mbili.

8. KUTUNZA MENO YA BANDIA

Osha meno ya bandia kila siku kwa mswaki laini, maji na sabuni ya kawaida. Kisha yasuuze vizuri. Shika juu ya beseni lenye maji au juu ya kitambaa, ili yakianguka yasivunjike.

Usitumie maji ya moto. Maji ya moto hupinda plastiki.

Usiyasugue kwa mchanga au majivu. Yatapata mikwaruzo, na uchafu utajificha humo.

Usiku yatoe. Yaweke katika maji safi kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na watoto. Fizi nazo zinataka kupumzika. Mwaka 2015 wataalamu wa Japani walitangaza matokeo ya uchunguzi wa wazee 524 wenye umri wa miaka 85 na zaidi. Wale waliolala na meno ya bandia kinywani walikuwa na hatari ya kuugua nimonia kadiri ya mara mbili ya wengine. Vijidudu vya kinywani huingia mapafuni usingizini.

Safisha pia fizi na ulimi kwa kitambaa laini au mswaki. Ukiona wekundu chini ya meno, utando mweupe au kidonda kisichopona kwa wiki mbili, nenda hospitali. Usingoje.

Jueni pia kwamba fizi na taya husinyaa, hasa mwaka wa kwanza baada ya kung'oa meno. Meno yaliyokaa vizuri mwanzoni yanaweza kulegea baadaye. Yakilegea, yapelekwe yakaongezwe kwa ndani au yabadilishwe. Meno yanayocheza humrudisha mzee kwenye uji.

9. KAMA MENO YA BANDIA HAYAPATIKANI

Si kila familia itaweza kuyapata. Je, tukae tu? Hapana. Kazi ya magego inaweza kufanywa na kinu, mwiko na kisu. Jikoni kwetu kuna magego ya kutosha!

Dagaa wakavu: chambua, kaanga bila mafuta, twanga, chekecha. Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa wakavu ni protini. Weka unga huo kwenye mboga au kwenye uji usio na sukari.

Maharage, kunde na choroko: loweka usiku, pika mpaka yavunjike, ponda kwa mwiko.

Karanga: kaanga, twanga ziwe laini, tia kwenye mchicha, kisamvu au uji. Karanga zilizoota ukungu usizitumie kabisa, maana zina sumu.

Nyama: katakata vipande vidogo sana au twanga baada ya kuchemsha. Kumpa mzee mchuzi peke yake siyo kumpa nyama. Nyama imebaki chunguni.

Mayai na maziwa, pamoja na maziwa ya mgando, hayahitaji meno.

Mlenda, papai, parachichi na embe lililoiva ni laini, na hulinda mwili.

10. TUPIME NGUVU ZA MIGUU

Kuna kipimo rahisi kinachotumiwa na madaktari. Kinahitaji kiti na saa tu.

Weka kiti imara, mgongo wake ukiegemea ukuta. Mzee akae. Akunje mikono kifuani. Asimame wima kisha akae, mara 5, bila kujisukuma kwa mikono. Mtu mmoja asimame karibu naye ili asianguke. Mwingine aangalie saa. Akitumia zaidi ya sekunde 15, ni dalili kwamba nguvu za miguu zimepungua. Akishindwa kabisa, asilazimishwe. Apelekwe akaonwe na mganga.

Kipimo hicho hicho ni zoezi. Mzee anayeweza, afanye kusimama na kukaa mara chache asubuhi na jioni, akiongeza kidogo kidogo. Mwanzoni anaweza kushika meza. Kuchambua mboga akiwa amesimama, kutembea hadi kwa jirani, kuchota maji kwa ndoo ndogo, yote ni kazi njema. Tusimkalishe mzee kitini siku nzima tukidhani ni heshima. Heshima ni kumsaidia abaki na nguvu zake.

11. NASI TULIO NA MENO

Meno ya bandia ni dawa ya mwisho. Bora kutunza yale tuliyonayo. Nchini Japani, mwaka 1989 walianzisha kampeni yenye lengo hili: mtu afikishe miaka 80 akiwa na meno yake 20. Wakati huo wazee waliofikia lengo walikuwa wachache sana. Mwaka 2016 uchunguzi ulionyesha kwamba wamepita nusu. Kumbe inawezekana.

Piga mswaki mara mbili kwa siku, pamoja na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Mswaki wa mti nao husafisha vizuri ukitumiwa kila siku. Punguza sukari. Acha tumbaku. Fizi zikitoka damu, usiache kupiga mswaki, bali nenda ukakaguliwe. Jino likiuma, usingoje mpaka libaki la kung'oa tu.

MASWALI

1. Mtu mzima ana meno mangapi, na magego makubwa ni mangapi?

2. Babu ana uzito wa kilo 60. Anahitaji angalau gramu ngapi za protini kwa siku? Akila mayai 2, atapata gramu ngapi, na zitapungua ngapi?

3. Kwa nini mzee aliyepata meno ya bandia anaweza kuendelea kuwa dhaifu?

4. Katika mazungumzo, kwa nini mama aliyaficha meno kwenye kikopo? Ungekuwa binti yake ungefanya nini?

5. Taja mambo mawili ambayo hayafai kufanywa wakati wa kusafisha meno ya bandia.

KAZI YA KIKUNDI

Kila mwanakikundi amtembelee mzee mmoja, wa nyumbani kwake au jirani. Baada ya salamu, amwulize kwa adabu: "Ni chakula gani ulikipenda zamani, na sasa umekiacha?" Aandike majibu kwenye daftari. Mkikutana tena, someni majibu hayo kwa sauti. Kisha mjadiliane jinsi ya kukipika kila chakula kilichotajwa ili mzee huyo aweze kukila tena. Wiki inayofuata, kila mmoja ampelekee mzee wake sahani moja.